Unanunua kitabu cha kuediti picha? Tazama nyuso kwanza!

Yale mambo ya mapazia na makochi niliyoahidi naomba tuyaweke kiporo, maana kuna ujumbe umenifika kutoka Tunduma na mwenyewe ana haraka. (Jamani, mnaoandika bado "Tunduma, Mbeya", Mkoa wa Songwe ulishakatwa tangu 2016! Zoeeni.)

Anaanza kwa adabu zake zote, "Shikamoo mjomba", nami naitikia marahaba mwanangu. Ni kijana mwenye studio ya picha, chumba kimoja tu, si mbali na stendi. Ana kamera, ana kompyuta ya mtumba, ana printa. Anapiga pasipoti saizi za watu wanaovuka kwenda Nakonde, mwisho wa wiki anakimbizana na harusi na vipaimara, siku za kazi anatoa kopi na kupiga vyeti laminesheni. Kuediti picha kajifunza kwa kuchungulia: huyu kamwonyesha kitufe hiki, yule kamwonyesha kile. Sasa ametenga shilingi 60,000 anunue kitabu, na anauliza anunue kipi.

Kilichomfanya aulize ndicho kilichonigusa. Jioni moja ilimjia familia kutoka vijiji vya huko Mbozi. Wamefiwa na mama yao, mazishi ni kesho yake saa nane mchana. Picha ya marehemu ni moja tu, ile ya kwenye kitambulisho, ukiweka kidole gumba unaifunika yote. Wanataka ikuzwe, iwekwe fremu, ibebwe mbele ya jeneza. Kijana akaipiga picha kwa simu, akaipitisha kwenye programu moja ya kung'arisha, bonyeza mara moja, dakika mbili tayari. Akatoka mama mweupe, shavu laini kama la binti wa miaka ishirini, macho yanametameta. Mkubwa wa ile familia akaishika picha, akaitazama weee, akauliza: "Huyu nani?" Wakachukua kitambulisho chao wakaondoka. Fremu ikabaki mezani.

"Mjomba, kitabu gani kitanifundisha nisirudie tena?"

Hilo ni swali la mtu mzima! Wengi wanaoniuliza habari za vitabu vya kompyuta wanataka kitabu chenye toleo jipya, jalada linalong'aa na kurasa nyingi. Huyu anataka kitabu kitakachomfanya mama wa watu abaki mama wa watu. Basi tumjibu vizuri.

Kwanza tukumbushane kwamba kutengeneza sura kwenye picha hakukuanza na kompyuta. Pale Unguja, Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na zama hizo za picha nyeusi na nyeupe rangi ikitakiwa ilipakwa kwa mkono, kwa brashi. Kule Lamu, Omar Said Bakor aliyefungua studio yake miaka ya 1960 alikuwa anaunganisha picha mbili tatu zikawa moja, bila kompyuta wala nini. Watu wa zama zile walijifunza kwa kukaa ubavuni mwa fundi, miaka. Wewe wa Tunduma fundi huna, umezungukwa na wenzako ambao nao wanachungulia. Kitabu ndicho kitakuwa fundi wako, kwa hiyo kichague kama unavyochagua fundi. Fundi cherehani humchagui kwa kibao cha mlangoni, unatazama nguo alizozining'iniza.

Kwa hiyo ukikishika kitabu, usianze na jalada. Fungua katikati, tazama nyuso. Je, kuna hata uso mmoja mweusi? Si mmoja wa pambo, nauliza wa somo, wenye kuonyesha alianzaje, akafanywa nini na kwa nini. Kama kitabu kizima kina kurasa 400 na nyuso zote ni za Wazungu, hakikufai kwa kazi za ngozi, kitakufaa kwa mambo mengine. Usije ukasema mjomba analeta ubaguzi, ngoja nikueleze.

Zamani za filamu, maabara za kusafisha picha duniani zilikuwa na kadi za kupimia rangi zilizotolewa na Kodak. Zilikuwa na picha ya mwanamke, na kadi zenyewe zikaitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Shirley alikuwa mweupe. Mashine ikirekebishwa mpaka Shirley apendeze, basi imepona, na sisi wengine tutatoka tutakavyotoka! Ndiyo maana kwenye albamu za zamani unakuta harusi nzima bwana harusi haonekani ila meno na shati. Msomi mmoja wa Canada, Lorna Roth, aliandika habari hizo mwaka 2009, akaeleza kwamba waliomsukuma Kodak miaka ya nyuma walikuwa pamoja na watengeneza samani na watengeneza chokoleti, waliolalamika kuwa mbao zao na chokoleti zao hazitoki sawasawa kwenye matangazo. Chokoleti, bwana! Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja kutoka miaka ya 1990.

Filamu zimeondoka, lakini ile tabia imebaki kwenye programu nyingi za simu za kurembesha: ukibonyeza, zinapausha ngozi, zinalainisha, nyingine zinachonga na pua. Na zile zinazodai kuifufua picha yenye ukungu zinafanya jambo baya zaidi. Picha ya kitambulisho haina jicho kamili, ina vidoti vichache tu vyenye kivuli cha jicho. Programu haina njia ya kujua jicho la yule mama lilivyokuwa, kwa hiyo inachora jicho lolote linalofanana na macho iliyokwisha kuyaona. Linatoka jicho zuri sana, la mtu mwingine. Watoto wake ndio wa kwanza kugundua, maana ndio waliokuwa wanatazamwa nalo.

Kwa hiyo mwanangu, kitabu chako kifundishe rangi kabla ya urembo. Hapa nitakaa kidogo, uvumilie.

Kompyuta inaandika kila rangi kwa namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 mpaka 255. Ngozi ya binadamu, awe Mnyiha, Mhindi au Mzungu, kwenye mwanga wa kawaida ina mpangilio mmoja: nyekundu iko juu, kijani inafuata, bluu ya mwisho. Tuseme shavu la mama wa kwetu linasoma 120, 82, 62. Sawa. Ukilikuta 110, 106, 104, namba zimekaribiana mno, huyo ametoka kama kajipaka majivu, na ndicho kinachotokea ukivuta mwanga juu juu bila kutazama rangi. Ukikuta bluu imeipita kijani, amekuwa wa zambarau, na nyie mnaopiga nje chini ya maturubai ya bluu mnanielewa. Namba hizo utazipata kwenye dirisha dogo la kupimia rangi, Photoshop inalo na GIMP inalo. Monita ya mtumba inadanganya, leo njano kesho bluu, lakini namba ni mizani. Kitabu kisichogusia namba hizi mahali popote ni kitabu cha michezo.

Halafu kifundishe mambo matatu ambayo hayazeeki. La kwanza leya, yaani kufanya kazi juu ya nakala kama karatasi ya plastiki iliyotandazwa juu ya picha, ya asili ikabaki salama chini. La pili maski, inayokuwezesha kugusa paji la uso bila kugusa kitambaa cha kichwani. La tatu kevzi, ule mstari unaovutwa taratibu ili mwanga wa katikati upande bila weusi wa nywele kufifia wala jasho la kwenye paji kugeuka doa jeupe. Leya ziliingia Photoshop toleo la 3 mwaka 1994. Mpaka leo ndizo zilezile. Sasa mtu akikwambia kitabu cha 2006 kimepitwa na wakati, muulize kimepitwa na nini.

Kuna vinavyopitwa, sikatai. Picha za skrini zitakuwa tofauti, menyu zimehama, vifaa vipya havitakuwemo. Brashi ya kuponya, ile inayofuta chunusi na mikwaruzo kwa kuchanganya na ngozi ya jirani, ilikuja na Photoshop 7 mwaka 2002, kwa hiyo kitabu cha kabla ya hapo kitakutesa na stempu ya kunakili peke yake. Ukipata cha 2005 kuja huku, uko salama kwa mambo ya msingi. Zile za kuijaza picha kwa akili bandia, zilizoingia Photoshop mwaka 2023, hazimo, na kwa kazi ya msiba hazikuhusu kabisa.

Haya, majina. Vitabu vingi vya somo hili ni vya Kiingereza, hilo ulijue mapema, na si vyote vina Kiingereza cha kueleweka.

Scott Kelby ameandika vitabu vya Photoshop kwa wapiga picha ambavyo vimezagaa dunia nzima. Ni mwepisi: hatua ya kwanza fanya hivi, ya pili hivi, na kila hatua ina picha yake. Kwa mtu aliyejifunza kwa kuchungulia atamfaa sana mwanzoni. Ila ana maskhara ya Kimarekani mwanzo wa kila sura, ruka tu wala usihangaike na kamusi. Upungufu wake kwa maoni yangu ni kwamba anakwambia bonyeza wapi, kwa nini ubonyeze anapita haraka.

Vile vya Adobe wenyewe, Classroom in a Book, vimepangwa kama masomo ya shule. Vizuri, lakini bila mafaili ya mazoezi ni sawa na kununua baiskeli bila cheni. Matoleo ya zamani yalikuja na CD nyuma ya jalada, mapya unasajili kitabu mtandaoni ndipo unapakua. Ukinunua cha mtumba, geuza nyuma kwanza uone kama CD ipo.

Sasa cha kwako hasa, mwanangu. Katrin Eismann aliandika Photoshop Restoration & Retouching, toleo la kwanza 2001, la tatu mwaka 2006 akiwa na Wayne Palmer, la nne likatoka 2018. Hiki kinaanza na kurekebisha mwanga na rangi, kinakwenda kwenye vumbi, mikwaruzo, ukungu na picha zilizochanika, halafu ndipo kinafika kwenye kurembesha sura. Mpangilio huo tu unakuonyesha mwandishi anaheshimu kazi. Mtu anayeletewa picha za marehemu zilizokunjwa mfukoni anakihitaji kuliko kitabu chochote cha kumfanya bibi harusi aonekane malaika.

Lee Varis naye ana kitabu kiitwacho Skin, cha 2006, ambacho kinaanzia kwenye kupiga taa na kinazungumzia ngozi za rangi mbalimbali. Ukikiona, usikiache. Na yuko mzee mmoja mgumu, Dan Margulis, na kitabu chake Professional Photoshop ambacho matoleo yake yalianza miaka ya 1990 na la tano likatoka 2006. Ile hesabu ya namba za ngozi niliyokupa hapo juu, yeye ndiye ameichimba mpaka mwisho. Lakini Kiingereza chake kirefu na anawalenga zaidi wachapaji. Usianze naye, utakata tamaa. Rudi kwake baada ya mwaka.

Tuje kwenye fedha. Kitabu kipya cha aina hiyo ukikiagiza ng'ambo, ukijumlisha na usafiri, 60,000 haikufikishi popote. Usiumie. Panda gari mpaka Mbeya, kilomita kama 100, uingie Maktaba ya Mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, upekue rafu ya kompyuta na ya upigaji picha kabla hujatoa senti kwa mtu. Ukikosa, una ndugu Dar? Wauza vitabu vya mitumba wa katikati ya jiji huwa na vitabu vya kompyuta ambavyo hakuna anayevigusa kwa sababu vimeandikwa toleo la zamani, na hao hawajui thamani yake! Mwambie ndugu yako akupigie picha jalada, yaliyomo na kurasa tatu za katikati zenye nyuso, akutumie kwenye simu. Ukiridhika, kinapanda basi jioni, kesho kiko Tunduma.

Onyo moja kubwa hapa: usinunue kitabu cha kuediti picha kilichotolewa kopi nyeusi na nyeupe. Nimeviona vinauzwa, vimebanwa pini vizuri na bei poa. Sura ya rangi ya ngozi yenye picha za kijivu utajifunza nini? "Tazama jinsi wekundu ulivyopungua," na mbele yako kuna kijivu na kijivu.

Ukiona kitabu kinasema "weka 37" bila kueleza 37 imetoka wapi, kirudishe. Hiyo ni 37 ya picha ya mwandishi, ya kwako huenda ni 12.

Na programu je? Kwenye ujumbe wako hukutaja unatumia ipi, ila kwa kompyuta ya mtumba nahisi ni Photoshop ya kunakiliwa ya miaka mingi. Jua kwamba toleo la CS6 la 2012 ndilo la mwisho kuuzwa moja kwa moja, kuanzia 2013 Adobe wanakodisha, unalipa kadiri unavyoendelea kutumia. Kama hilo ni zito kwako, ipo GIMP, ya bure na halali kabisa, inayopatikana tangu 1996, na toleo la 3 limetoka 2025. Ina leya, ina maski, ina kevzi, ina brashi ya kuponya. Mwongozo wake mzima unapakuliwa bure pia. Mwongozo huo si kitabu cha kufundisha, ni kama orodha ya vipuri, lakini ukiuweka pembeni ya kitabu cha Eismann utaweza kutafsiri kila kifaa: yeye anakiita hivi, kwangu kinaitwa hivi. Utasumbuka wiki mbili, basi.

Kuna jambo hukuniuliza lakini nalisema kwa sababu uko mpakani. Pasipoti saizi usiirembeshe. Kabisa! ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga ambalo ndilo linaloweka viwango vya pasipoti duniani, linataka rangi ya ngozi ya asili na picha isiyochezewa. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe Oktoba 2019, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa sehemu moja. Dada wa watu ana kovu juu ya nyusi, wewe umelifuta kwa kumpenda, anafika dirishani ofisa anatazama picha, anatazama uso, anatazama tena picha. Foleni nyuma inanung'unika, mizigo iko juani, na wewe uko studio unakula chips. Rekebisha mwanga, ondoa vumbi la lenzi, ukate kwa vipimo, uchape. Kovu, sugu na chale viache kama vilivyo, havikuhusu.

Mwisho nikupe ya kufanya hata kabla kitabu hakijafika, ikitokea familia nyingine imekuja na kitambulisho. Usikipige kwa simu chini ya taa, kitang'aa. Kiweke kwenye skana, dpi 1200. Picha ya upana wa inchi 1 itakupa pikseli 1200, na ukichapa kwa 200 unapata inchi 6. Ukiona vidoti vya mashine iliyochapa kitambulisho vimekuwa vikubwa kuliko kope za mtu, punguza tamaa. Chapa ndogo, inchi 4 hivi, uiweke katikati ya karatasi nyeupe ndani ya fremu kubwa. Inapendeza, na kutoka mbali msibani inaonekana vizuri tu. Tengeneza nakala ya leya, futa mikwaruzo na muhuri uliopita shavuni kwa brashi ya kuponya, vuta kevzi kidogo, pima namba za shavu. Mikunjo usiguse hata mmoja.

Kisha, kabla hujachapa, mwite mmoja wa watoto wake akae mbele ya monita. Usimuulize kama picha ni nzuri, maana atakujibu ndiyo kwa heshima. Muulize, "Mama alikuwa hivi?" Unyamaze. Akisema mama alikuwa mweusi zaidi ya hapo, mshushe. Akisema alama ya shavuni umeifuta, irudishe, leya ya asili si iko chini?

Mapazia na makochi wiki ijayo, naahidi. Na yule dada wa Vwawa aliyeuliza kama kochi la ngozi bandia linafaa kwa vumbi la Mlowo, jibu lako liko tayari, vuta subira.